Askari wa Mwalimu Breki

Alicheka.

Ndiyo, wiki iliyopita mlisoma vizuri, wala gazeti halikukosea. Trafiki aliinama dirishani akasema, "Mama, zima gari, nipe leseni," na Mama Bobini akamcheka usoni. Muuza magazeti wa mtaani kwetu amenikamata shati akitaka nimwambie kama huyu mama ana wazimu. Hana. Tulieni.

Wewe unayeanza kusoma leo, sogea upashwe habari, maana gari haliwezi kuondoka bila wewe. Mama Bobini ni fundi katika kiwanda cha kushona sare. Mgongo wake umeinamia cherehani tangu watoto wake wako tumboni, na sasa mgongo umegoma. Kiwanda kimenunua gari dogo la kusambaza mizigo, na meneja ametamka mbele ya mafundi wote kwamba gari hilo atapewa Mama Bobini, mradi aje na leseni leo kabla kengele ya chakula cha mchana haijalia. Asipokuja nayo, linakwenda kwa mpwa wa meneja, ambaye tayari ameonekana amekaa kwenye usukani akijipiga picha. Mama Bobini atarudi kwenye stuli yake, na mgongo utajijua wenyewe.

Mtihani wa udereva ni leo asubuhi. Anayempeleka uwanjani ni Mwalimu Breki, mwenye shule ya udereva yenye gari moja, dawati moja na picha kubwa ya alama za barabarani. Wanamwita Breki kwa sababu upande wake wa abiria kuna breki ya pili, na mguu wake umeizoea kiasi kwamba anakanyaga hata akiwa nyumbani kwenye kochi.

Shule nyingine zinafundisha kurudi nyuma na kupaki. Mwalimu Breki anafundisha kitu ambacho hakuna mwingine anayekifundisha: jinsi ya kusimamishwa na trafiki. Wala hafundishi kwa mdomo tu. Anamchukua shemeji yake, ndugu wa mkewe, anamvisha koti linalong'aa, anamweka kwenye kona. Mwanafunzi anasimamishwa, anaulizwa, anatishwa, mpaka anazoea. Siku ya mwisho ndiyo ngumu. "Sitakuambia ni wapi," Mwalimu alimwambia Mama Bobini. "Na mimi mwenyewe nitatetemeka. Nitakunong'oneza kwamba huyu ni askari wa kweli. Usiniamini. Ukiniamini, umefeli."

Na kwa kuwa Shemeji ana tabia ya kuchelewa, Mwalimu alikuwa ameshaapa kwamba siku moja atatafuta mwingine. Sasa mama wa watu kasimamishwa na sura asiyoijua. Angefanya nini zaidi ya kucheka?

"Huyu umemtoa wapi?" alimuuliza Mwalimu bila kugeuza shingo. "Ana kitambi kizuri. Yule Shemeji alikuwa amekonda mno kwa kazi hii."

"Mama." Kijasho chembamba kilikuwa kinamtoka Mwalimu Breki. "Mama, nakuomba. Huyu ni wa kweli."

"Umeigiza vizuri. Mpaka mkono unatetemeka."

"Naapa kwa mama yangu mzazi."

"Na kiapo juu. Leo umejipanga."

Kila neno ambalo lingeweza kumwokoa Mwalimu Breki, yeye mwenyewe alikwisha kulifundisha kwamba ni uongo. Akabaki anakanyaga breki ya gari lililokwisha kusimama.

Trafiki aliweka kiwiko dirishani. "Mama, kitu gani kinakuchekesha?"

"Hujajitambulisha," alisema Mama Bobini. "Umekuja mbiombio kwenye leseni. Mwenzako anasalimia kwanza, anataja jina na namba yake, halafu anasema kwa nini amenisimamisha. Rudi pale ulipokuwa, uanze upya."

Yaliyompita Afande kichwani yalisomeka usoni kwa herufi kubwa: huyu ni mke wa nani? Kazi ilikuwa imemfundisha kwamba madereva wako wa aina mbili, wanaolia na wanaompigia simu mkubwa. Huyu halii. Simu hajaigusa. Basi mkubwa mwenyewe atakuwa yuko nyumbani kwake, anasubiri soksi zake.

Akarudi, jamani. Alirudi mpaka pale kwenye nguzo ya umeme, akavuta shati, akaja tena.

"Habari za asubuhi, mama."

"Nzuri, Afande. Za kazi?"

Akataja jina lake. Akataja na namba yake, vyote viwili, kwa sauti ya kusikika, jambo ambalo barabara ile ilikuwa haijawahi kulipata tangu imwagwe lami. "Nimekusimamisha kwa," akaanza, akakwama. Ilionekana hakuna aliyewahi kumuuliza. "Kwa ukaguzi wa kawaida."

"Hapo sawa. Ungeongeza na tabasamu kidogo."

Afande akatabasamu. Halikuwa tabasamu la kufurahisha, lakini alijitahidi.

Mama Bobini naye akafanya ya kwake kama alivyofundishwa. Mikono yote miwili juu ya usukani, ionekane. Sauti ya chini. "Afande, leseni yangu ya mwanafunzi iko kwenye pochi hii. Naomba niichukue." Akaichukua taratibu, akamkabidhi. Mtu asiyejua angedhani wamekaa wiki nzima wakifanya mazoezi pamoja.

Afande akalizunguka gari akitafuta kosa. Taa zinawaka. Matairi mazima. Akafungua nyuma: pembetatu ya tahadhari ipo, mtungi wa kuzimia moto upo, sanduku la huduma ya kwanza lipo, na bandeji zake hazijafunguliwa. Mwalimu Breki ni mwoga, na gari la mwoga halikosi kitu. Wakati Afande ameinama kwenye buti, gari refu jeusi lilipita kwenye taa nyekundu bila hata kupunguza mwendo. Afande aliinuka haraka, akalipigia saluti, akainama tena.

Alirudi dirishani mikono mitupu. "Gari lina vumbi," alisema.

"Barabara ndiyo yenye vumbi, Afande. Sisi tumepita tu."

Afande akakuna kidevu, akatazama kushoto, akatazama kulia, akashusha sauti. "Sasa, mama, tunafanyaje?"

Mama Bobini nusura apige makofi. Ndilo swali la Shemeji, neno kwa neno, mpaka na ule mkono wa kukuna kidevu. Kama alibakiwa na shaka hata ya kucha, iliishia hapo. Huyu alikuwa amefundishwa na Mwalimu Breki, na alifundishika.

"Hapa ndipo wengi wanapofeli," alimwambia kwa upole. Kisha akakaa wima. "Afande, naomba unieleze kosa langu. Kama lipo, niandikie. Kama halipo, niruhusu niende."

"Nikuandikie?"

"Niandikie."

"Kwa kalamu?"

"Kwa kalamu, Afande."

Afande alishika mfuko wa shati kama mtu anayejiuliza kama kalamu ilikuwamo, na hapo ndipo jicho la fundi lilipotua pale pasipotakiwa.

"Sogea nikuone," alisema Mama Bobini. "Hii sare ulipewa na nani? Mfuko umekaa upande. Kifungo kinaning'inia. Huyu Mwalimu bwana, atakuwa amekuokotea mtumbani." Akatoa mkono dirishani, akaushika ule mfuko kwa vidole viwili, akaufunua.

Ndani akaona fundo.

Wasomaji wangu, kila fundi ana mkono wake. Mama Bobini hushona kifungo kwa msalaba, anazungusha uzi kwenye shina, halafu anamalizia na fundo ndani ya fundo. Msimamizi amemgombeza miaka kwa sababu fundo hilo linakula uzi wa kiwanda. Hakuna mwingine anayelifunga. Na sasa lilikuwa mbele yake, kwenye kifua cha mtu.

Sare za polisi hushonwa chumba cha ndani, mlango ukiwa umefungwa. Hata kitambaa kilichobaki hukusanywa na kuchomwa. Sare ikitoka pale, inapakiwa kwenye lori la polisi, inakwenda kwa polisi. Mtumbani haifiki. Mfuko huu ulikaa upande kwa sababu siku ile umeme ulikuwa unakatika na kurudi, na aliyeushona, akijua kabisa kwamba umekaa upande, alikuwa ni yeye.

Aliuachia mfuko polepole, akaulaza, akaupapasa mara moja unyooke. Haukunyooka.

"Mwalimu," alisema. "Huyu ni wa kweli."

"Nilikwambia," alisema Mwalimu Breki, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kujiombea dua.

Mama Bobini akakumbuka yote kwa mpigo. Alimcheka. Alimrudisha mpaka kwenye nguzo. Alimsifia kitambi. Alimwagiza atabasamu, na mtu wa serikali akatabasamu. Akaliona lile gari dogo la kiwanda likitoka getini, na kwenye usukani yumo mpwa wa meneja.

Sasa tazameni maajabu. Muda wote alipodhani ni mchezo, sheria ilifuatwa mpaka nukta ya mwisho. Askari alijitambulisha, dereva alionyesha leseni, na aliyetaka kosa aliambiwa aandike. Alipojua tu kwamba huyu ni askari wa kweli, sheria ikashuka kwenye gari ikaenda zake.

"Baba yangu, nisamehe," alisema, na mikono ilikwisha kutoka kwenye usukani, imekutana kifuani. "Mwanangu, mimi ni kama mama yako mzazi. Nina watoto. Nina mgongo. Sikujua, baba. Nimechanganyikiwa, hata chai sikunywa."

Afande alimsikiliza, na kila neno lilimrudishia kitu. Mabega yakarudi. Kitambi kikatangulia mbele. Huu wimbo aliujua tangu zamani, anauimba kila mtu.

"Kumbe huna mtu," alisema.

"Sina mtu, baba."

"Nilidhani una mtu."

"Nina cherehani tu, baba, na lenyewe ni la kiwanda."

"Lete funguo."

Alizitoa. Afande akazitumbukiza kwenye ule mfuko uliokaa upande, akaegemea mlango kwa raha zake. "Sasa tuongee vizuri. Umeniambia mwenzangu anasalimia, anataja jina, anataja namba. Mwenzangu yupi huyo? Kituo kizima nawafahamu. Hakuna hata mmoja mwenye tabia hiyo."

Mguu wa Mwalimu Breki uligonga breki, ukagonga tena.

Hapo palikuwa pabaya. Akisema ukweli, Shemeji anakamatwa kwa kujifanya askari, shule ya Mwalimu inafungwa, na yeye mwenyewe anafikaje uwanjani? Akisema uongo, mdomo wake haujauzoea, atakamatwa nao. Akinyamaza, funguo ziko mfukoni mwa Afande, na asubuhi inakwenda.

Mama Bobini aliogopa kweli, sitawaficha. Alirudisha mikono juu ya usukani kwa sababu hakujua aiweke wapi pengine. Ilikuwa inatetemeka. Lakini ilipofika pale, maneno yakaja yenyewe, kwa mazoea ya kurudiarudia.

"Afande," alisema. "Afande, naomba unieleze kosa langu. Kama lipo, niandikie. Kama halipo, naomba funguo zangu. Nina mtihani wa udereva leo. Nisipoufanya leo, kazi nimeikosa."

Yalikuwa maneno yale yale. Mara ya kwanza aliyamwaga kama maji. Safari hii kila moja alilibeba kama gunia. Na hakuongeza baba wala mwanangu.

Afande akaitazama mikono inayotetemeka, na uso ambao macho yake hayakukwepa. Akili ikaanza kumzunguka upya. Mtu anayeogopa hivi, na bado anataka kuandikiwa, ana nini nyuma yake?

"Mtihani wapi?" aliuliza.

"Uwanjani, Afande. Kule nyuma ya stendi ya zamani."

"Ungesema tangu mwanzo. Mimi ndiye ninayewatahini leo." Akatoa funguo, akamrudishia. Akajikohoza, akaangalia pembeni kwa aibu kidogo. "Pikipiki imenizimikia asubuhi hii. Nilikusimamisha nikitafuta lifti."

Haya. Kumbe lifti. Mtu kafufuka na kufa mara mbili, kisa mwenzake anatafuta lifti. Ningekuwa mimi ningemshusha, lakini mimi sina mtihani.

Afande aliingia nyuma, akajitanua katikati ya kiti. Akatoa karatasi ya mtihani, akaiweka gotini. "Kwa kuwa umependa sana sheria," alisema, "tusipotezeane muda. Mtihani wako unaanzia hapa. Unipeleke mpaka uwanjani. Nikiona kosa moja, moja tu, hata usihangaike kushuka. Nisipoliona, nakusaini pale getini."

Mama Bobini akapiga moyo konde. Kioo cha ndani, kioo cha pembeni, indiketa, akaingia barabarani. Gari lilitambaa vizuri. Alipunguza mwendo kwenye kivuko, akampisha mama mwenye mtoto mgongoni, akapandisha gia bila hata mkwaruzo. Nyuma Afande aliguna, na guno lilikuwa la kuridhika.

Mwalimu Breki ndiye aliyekuwa hali mbaya. Alijua kitu ambacho wenzake hawakijui. Somo la mwisho alilipanga kweli, na Shemeji alikuwa mbele, kwenye kona ya stoo ya mbao, anasubiri.

"Afande," alisema, "tupite barabara ya juu? Huku chini kuna mashimo."

"Dereva mzuri hupimwa kwenye mashimo."

"Kuna na msiba kule, wamefunga njia."

"Tutatoa pole."

"Afande, mimi tumbo linanisumbua. Naomba nishuke kidogo."

"Mwalimu," alisema Afande, "nani anafanya mtihani, wewe au mama?"

Kona ikafika. Na hapo, kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi hiyo, Shemeji alikuwa amewahi. Alisimama wima katikati ya njia, koti linang'aa, mkono juu.

"Huyu nani amempanga hapa?" aliuliza Afande. "Mimi sina taarifa." Halafu akakumbuka karatasi iliyoko gotini. "Hewala. Hiki nacho ni kipimo. Simama, mama. Tuone unavyosimamishwa."

Mama Bobini alisimama. Angefanyaje? Indiketa, pembeni, breki ya mkono, kioo chini, mikono juu ya usukani. Moyoni alikuwa anamwomba Shemeji amtazame macho, aone kuna jambo. Shemeji alikuwa mtu wa kazi. Hakutazama macho ya mtu.

"Habari za asubuhi, mama," alisema kwa sauti ya redio. Akataja jina la kubuni. Akataja namba, ambayo kusema kweli ni ya simu ya mkewe. "Nimekusimamisha kwa ukaguzi wa kawaida." Akakuna kidevu. "Sasa, mama, tunafanyaje?"

Mtu alikohoa kiti cha nyuma.

Shemeji aliinama, akachungulia. Akamwona mwanamume wa makamo, sare nyeupe, kofia, kitambi. Uso wake ukabadilika. Haukubadilika kwa hofu, ingekuwa afadhali. Ulibadilika kwa uchungu.

"Mwalimu," alisema. "Ndiyo umenifanyia hivi?"

Mwalimu Breki alifunika uso kwa mikono yote miwili.

"Umeniletea mbadala. Mimi, shemeji yako, ninayesimama juani kwa kikombe cha chai na ahadi. Siku niliyowahi, ndiyo siku unayonitafutia mtu. Dada yangu atasikia hili leo leo." Akamgeukia Afande, akampima juu mpaka chini. "Na mbadala mwenyewe ndiyo huyu? Kaka, trafiki hakai hivyo, umekaa kama bwana harusi. Na kofia umeivaa kama sufuria. Angalia." Akaingiza mkono kupitia dirisha la nyuma, akamvua Afande kofia, akaivaa yeye, akairekebisha ikae juu ya nyusi. "Inavaliwa hivi."

Afande alijipapasa kichwa taratibu, kuhakikisha kama ni kweli. Kisha akachomoa kalamu, akaiweka juu ya karatasi. Sauti yake ilikuwa ya chini sana.

"Mama. Wewe ndiye dereva. Nakuuliza mara moja. Huyu ni askari, au si askari? Niambie ukweli, nakusaini hapa hapa, umepita. Uwanjani hata usiende."

Ncha ya kalamu ilikuwa imegusa karatasi. Mama Bobini aliiona kwenye kioo. Leseni yake ile, gari lake lile, mgongo wake ule. Neno moja tu, tena neno la kweli. Akamtazama Shemeji, ambaye alikuwa bado amenuna kwa ajili ya nafasi yake. Huyu ndiye aliyemtisha asubuhi baada ya asubuhi mpaka akazoea kutotishika. Alimfokea, alikuna kidevu mbele ya uso wake, na akimaliza alimpa pole.

Mama Bobini akashusha pumzi.

"Afande," alisema, "ukiniuliza la gari hili, nitakujibu. Ukiniuliza langu mimi, nitakujibu. La huyu muulize mwenyewe. Yuko mbele yako, na mdomo anao."

Kalamu ikaondoka kwenye karatasi.

Shemeji alisikia lile neno, Afande, lilivyotamkwa. Si la mazoezi lile. Macho yakamshuka mpaka chini ya kiti, kwenye buti za yule mbadala. Zilikuwa buti nzito, nyeusi, zimepigwa rangi. Mwalimu Breki hajawahi kumnunulia mtu buti. Hata koti hili linalong'aa aliazima kwa mfagia barabara.

Shemeji hakuaga. Aliinua miguu, akakata kona ya stoo ya mbao, na kofia ya serikali kichwani.

"Mfuate!" alisema Afande, akipiga kiti cha mbele kwa kiganja. "Mama, mfuate. Akipotea na kofia yangu, na wewe leseni umepoteza."

Mama Bobini akawasha gari. Kioo cha ndani. Kioo cha pembeni. Mkono ulikuwa kwenye gia alipoona kitu kwenye kioo cha ndani, akausimamisha.

"Afande, funga mkanda."

"Mama, mwizi anakimbia."

"Gari haliondoki abiria hajafunga mkanda. Umesema kosa moja tu."

Afande alilaani kimoyomoyo, akauvuta mkanda wa nyuma. Haukutoka. Akauvuta kwa mikono miwili. Haukutoka. Mwalimu Breki alitoa mguno wa mtu anayeona nyumba yake inaungua, maana hajawahi kubeba abiria nyuma, na mkanda ule hakuwahi kuukagua.

Halafu Afande akaacha kuvuta. Kitu kilikuwa kimemjia. Uso wake ukang'aa pole pole, ukasahau hata kofia.

"Mama," alisema. "Kumbe tumetoka kule kwenye nguzo mpaka hapa, sijafunga mkanda. Na wewe ukaendesha."

Ilikuwa kweli. Mama Bobini aliogopa kumwambia askari wa kweli afunge mkanda.

"Hilo ni kosa," alisema Afande.

Basi hivyo ndivyo gari dogo la kiwanda lilivyomponyoka. Aliona stuli yake, aliona taa ya cherehani. Machozi yalimlenga, akayaachia yakae hapo hapo. Alizima gari. Akarudisha mikono juu ya usukani, na safari hii haikutetemeka.

"Ni kosa, Afande," alisema. "Niandikie."

Afande alifungua kitabu chake cha faini kwa furaha ambayo hakuificha. Aliandika jina la dereva. Aliandika namba ya gari, Mwalimu akiitaja herufi moja moja kama anatapika. Akaandika kosa, akilisoma kwa sauti huku kalamu inakwenda: abiria wa kiti cha nyuma hakufunga mkanda.

"Hapo sawa," alisema Mama Bobini. Akamtazama kwenye kioo. "Na faini ya mkanda, Afande, kwa jinsi nilivyofundishwa, anaandikiwa dereva, na abiria naye anaandikiwa. Kuna mstari wake hapo chini."

Kalamu ikasimama.

"Jina la abiria," alisema Mama Bobini. "Andika, Afande. Na namba yako ulishanitajia mwenyewe, naikumbuka."